Chupa Iliyouza Dawa ya Kwapa

Historia za vipodozi humsifu Jules Montenier, mkemia wa Chicago, kwa dawa yake ya kuzuia jasho. Sifa anastahili, kwani hataza yake ya 1941 ilihusu njia ya kupunguza makali ya chumvi ya aluminiamu, iliyokuwa ikichoma ngozi na kula nguo. Hata hivyo, jina la dawa hiyo, Stopette, lilivuma baada ya 1947, dawa ilipotiwa kwenye chupa laini ya plastiki. Kwa maoni yangu, chupa ile ni nusu ya uvumbuzi wenyewe. Plastiki yake, polithini, iligunduliwa 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, na wakati wa vita ikawa ya kukinga nyaya za rada. Amani iliporejea, ilihitaji kazi ya kiraia. Kampuni ya Plax ya Hartford, Connecticut, ikaipatia: bomba la plastiki ya moto, bado teketeke, hushushwa kati ya nusu mbili za kalibu, kalibu hujifunga na kulibana chini, hewa hupulizwa ndani, plastiki ikatuna hadi kugusa kuta na kupoa. Ukiigeuza chupa ya namna hiyo utauona mshono kitakoni, pale ilipobanwa. Kabla ya chupa hiyo, mtu alipaka krimu kwa vidole au maji ya dawa kwa pamba. Sasa aliminya tu, dawa ikaruka kama manyunyu.

Atasema mtu kwamba televisheni ndiyo iliyouza, maana Stopette ilidhamini kipindi cha What's My Line? cha CBS tangu 1950. Ni kweli, ila tangazo lilihitaji kitu cha kuonyesha, na dawa isiyo na rangi haionyeshi kitu. Kuminya kulionekana. Hoja nzito zaidi ni ya manukato: mbona yalibaki kwenye kioo? Kwa sababu polithini laini hupenyeza harufu na mafuta, na manukato yaliyofifia hayana mnunuzi. Basi plastiki haikushinda kwa urahisi wa bei peke yake. Ilishinda pale ambapo kuminyika kulikuwa na kazi. Montenier aliiuza Stopette kwa kampuni ya Helene Curtis mwaka 1956. Wakati huo kampuni ya Bristol-Myers walikuwa tayari wanauza Ban, dawa ya kwapa ambayo gololi ya mdomoni mwa chupa yake waliiazima kutoka kwenye bolpeni.