Skauti na heshima ya utumishi

SKAUTI ilianza Tanganyika mwaka 1917, mwaka mmoja baada ya majeshi ya Uingereza kuzitwaa Korogwe na Handeni kutoka kwa Wajerumani, Juni 1916. Mwasisi wake, Robert Baden-Powell, aliendesha kambi ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1907. Alifariki mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri, Kenya.

Katika wilaya hizo za Mkoa wa Tanga, kama kwingineko nchini, skauti hufahamika zaidi kwa kuwavisha viongozi skafu, hasa katika mbio za Mwenge wa Uhuru. Hata hivyo, heshima ndani ya skauti haitokani na sare, bali utumishi.

Mfano mashuhuri ni Order of the Arrow, yaani Udugu wa Mshale, ulioanzishwa Marekani Julai 1915 na E. Urner Goodman na Carroll Edson, katika kambi ya kisiwani kwenye mto Delaware. Wanaoingia hupigiwa kura na skauti wenzao, wakiwemo wasio wanachama wa udugu huo. Kisha hupewa jaribio: kulala nje peke yao, kula kidogo, kukaa kimya na kufanya kazi za kambi kutwa nzima.

Udugu huo umekosolewa kwa kuiga mavazi na mila za wenyeji wa asili wa Marekani. Lakini utaratibu wake wa kura una somo: kiongozi aweza kuridhishwa na ukakamavu wa gwaride, ilhali waliopika na kuteka maji pamoja kambini humjua mvivu, na humjua mtumishi.