Vigezo na masharti kuzingatiwa: kutoka manamba wa Songea hadi "jaribu bure"

Wadau, neno "bure" halikuja na intaneti. Huku Songea tulilisikia zamani, tena lilikuja na lori.

Naligusia hili kwa sababu siku hizi kila ukifungua simu unakutana na tangazo la "jaribu bure siku 7". Mara nyingi anayekuletea si mwenye kampuni. Ni wakala tu: kijana mwenye wafuasi wengi, anaweka linki, ukiibonyeza na kujisajili yeye anapata kamisheni yake. Biashara hii ya mawakala wa mtandaoni ilipata umaarufu baada ya Amazon kuanzisha mpango wake mwaka 1996. Siku 7 zikiisha, kadi yako inaanza kukatwa hela. Wakala hayupo tena, keshalipwa.

Sasa twende Peramiho, kama kilometa 24 magharibi ya Songea mjini. Wengi wanapajua kwa abasia ya Wabenediktini, waliofika mwaka 1898, na kwa hospitali yao. Wachache wanakumbuka kwamba eneo hili la Ungoni lilikuwa moja ya visima vikubwa vya vibarua wa mashamba ya mkonge, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka hapa, kule Tanga na kwingineko.

Kwa nini Ungoni? Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, viliiacha nchi hii hoi. Kodi ikabaki palepale, na ilidaiwa kwa fedha taslimu. Reli haikufika, masoko yalikuwa mbali. Tumbaku ilisaidia baadhi ya wakulima, na chama chao cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilianza mwaka 1936, lakini haikutosha kila nyumba. Kijana aliyetaka hela ya kodi, nguo au baiskeli alikuwa na njia moja kubwa: kwenda mkonge.

Hapo ndipo anapoingia wakala. Wenye mashamba waliwalipa waandikishaji kwa kila kichwa walichokipeleka. Ushindani ulipozidi, wakulima wa mkonge wakaunda chombo chao cha pamoja mwaka 1944, SILABU. Kivutio kikubwa cha mkataba kilikuwa hiki: usafiri bure, chakula njiani bure, na ukimaliza mkataba unarudishwa kwenu bure. Kwa mtu ambaye njia yake nyingine ilikuwa kutembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, hiyo haikuwa zawadi ndogo. Na haikuwa uongo. Lori lilikuja kweli.

Vigezo na masharti vilikuwa mbele ya safari. Ukifika shambani unapewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, nafasi moja inatiwa alama. Usipoimaliza, hupati alama. Ukiumwa, hupati alama. Mshahara wa "mwezi" ulikuja nafasi zote 30 zikijaa, na sheria iliruhusu zijazwe ndani ya siku 42. Kwa hiyo mwezi wa mkonge haukuwa mwezi wa kalenda. Kutoroka kabla ya mkataba kwisha lilikuwa kosa la jinai. Mlango wa kuingia ulikuwa mpana, wa kutokea mwembamba. Jina lenyewe la manamba lilitokana na namba waliyopewa badala ya majina yao.

Tusiwaonee waandikishaji wote. Wapo waliosema kweli, na mkataba ulithibitishwa mbele ya ofisa wa serikali. Kisheria mambo yalikuwa safi. Lakini hebu fikiria: mtu anayelipwa siku unayopanda lori ana sababu gani ya kukueleza habari za kipande? Akikueleza vizuri unaweza kuahirisha, naye anakosa hela. Akinyamaza, hajasema uongo wowote, na mfuko wake unajaa.

Wazee wetu nao hawakuwa wajinga. Wengi walikataa mkataba wakaamua kwenda kwa gharama zao, ili wachague shamba wenyewe na kuondoka wakitaka. Walilipa nauli kubwa ya miguu yao ili wasifungwe na lori la bure. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Songea mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya uhamaji huu wa Wangoni na Wandendeuli.

Turudi kwenye simu zetu. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilimshtaki Jesse Willms mwaka 2011 kwa kuuza bidhaa za "kujaribu bure" mtandaoni huku wateja wakikatwa hela wasizozitegemea. Mawakala wa mtandaoni walikuwa sehemu ya mashine yake ya kuvuta watu. Kesi iliisha mwaka 2012 kwa hukumu ya dola milioni 359. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji. Ila sheria humkamata zaidi anayesema uongo. Anayenyamaza kwa faida yake mara nyingi huponyoka.

Ndiyo maana mimi naona swali la maadili si "je, ni bure kweli?" Lori lilikuwa bure kweli. Swali ni: anayekushawishi analipwa lini? Akilipwa unapoingia, basi ana deni la kukueleza habari za kutoka. Aseme kwamba linki hiyo inamlipa. Aseme bure inaisha siku gani na baada ya hapo ni shilingi ngapi. Aonyeshe pa kubonyeza ili kujitoa. Mambo matatu tu, hayajazi hata ujumbe mmoja wa simu.

Najua vijana wenzangu wengi wanaishi kwa kamisheni hizi, na kodi ya chumba haisubiri. Sisemi waache. Ila kabla hujaturushia linki yako, mdau, jiulize: mdogo wako angeibonyeza, ungemweleza nini kwanza? Basi na sisi tuelezee hivyohivyo.