Kigango na Kipimo cha Thamani

Thamani ya sanamu ya kale iliyochongwa kwa ajili ya ibada aghalabu hupimwa kwa umri wake, ustadi wa fundi na uadimu wake. Vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya vimeonyesha upungufu wa kipimo hicho, maana kinalisahau jina.

Kigango ni nguzo bapa ya mti mgumu, yenye kichwa na kiwiliwili kilichojaa nakshi za pembetatu. Husimikwa, hasa miongoni mwa Wagiriama, kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Marehemu wa kawaida husimikiwa koma, kigingi kidogo tu. Na neno hilohilo la koma ndilo jina la roho ya mhenga. Lugha, basi, haikutenga mti na mtu. Kigango hufungwa vitambaa na kupewa sadaka, na wenyewe wakihama hakiondolewi mahali pake.

Desturi hiyo ya kukiacha ndiyo iliyotafsiriwa vibaya. Biashara ya vigango ilipostawi katika miaka ya 1970 na 1980, wauzaji walishika hoja kwamba kilichoachwa hakina mwenyewe. Wanunuzi nao walisifu mipasuko ya mti na nakshi zilizolika kwa mvua, kuwa ni dalili za ukale. Kumbe wizi wenyewe ulizidisha uadimu, na uadimu ukapandisha bei.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu nchini Marekani, alikitambua kimoja katika picha za hazina ya jumba la makumbusho. Cha pili kikagunduliwa katika jumba jingine. Vyote viwili vilirudi kwao mwaka 2007. Utafiti wake na Linda Giles ulihesabu vigango 294 katika majumba 19 ya Marekani.

Viwili hivyo vilirudi nyumbani kwa kuwa picha ilikuwa imehifadhi jina. Jumba la makumbusho la Denver liliachia vigango 30 mwaka 2014, vikafika Kenya mwaka 2019. Lakini havikuwa na kumbukumbu ya kuonyesha ni vya boma gani. Kwa mnunuzi, kigango kisicho na jina hakikupungukiwa na kitu. Kwa Mgiriama, ni mzee aliyerudi nchini bila kujulikana pa kusimikwa.