Athari za Muda Mrefu za Korona Katika Ubongo, na Hukumu za Ibada kwa Aliyepatwa na Usahaulifu

Sifa zote njema anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), ahli zake, Swahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho. Ama baada ya haya:

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura tena ya kimataifa. Barakoa zilikuwa zimeshavuliwa na safu za misikitini zimeshikana tena. Lakini wapo ndugu zetu ambao homa iliwaondoka na kitu kingine kikabaki. Mtu yumo katika Swala ya adhuhuri hajui yuko rakaa ya pili au ya tatu. Mwenye duka hakumbuki nani amemlipa na nani bado. Mwalimu wa madrasa anasita katika sura aliyoisomesha miaka ishirini. Nyumbani huitwa mvivu, mtaani husemwa amerogwa, na mwenyewe huingiwa na khofu kuwa imani yake imepungua.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi yaliyothibiti kitabibu kuhusu hali hii, kisha hukumu za kisheria ambazo mgonjwa na watu wake wanazihitaji.

1. Ni maradhi gani haya?

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliyapa maradhi haya maelezo rasmi: ni hali inayompata mtu aliyeugua korona, au anayedhaniwa aliugua, ambayo kwa kawaida huonekana ndani ya miezi mitatu tangu kuugua, hudumu kwa miezi miwili au zaidi, na haielezeki kwa maradhi mengine. Dalili zake kubwa ni uchovu, kukosa pumzi, na kuharibika kwa utendaji wa akili: kusahau, kushindwa kuweka mazingatio, kutafuta neno lisije, na fikra kuwa nzito kama mtu anayetazama ndani ya ukungu. Wengine hupoteza usingizi, huumwa na kichwa, au hukosa uwezo wa kunusa kwa miezi mingi.

Zingatia kuwa maelezo hayo hayakushurutisha cheti cha kipimo. Hili lina umuhimu kwetu. Tanzania iliacha kutangaza takwimu za maradhi haya tokea Mei 2020 kwa zaidi ya mwaka, na wengi walioumwa wakati ule hawakupimwa. Waliambiwa ni nimonia au "changamoto ya upumuaji". Kwa hiyo mtu asiambiwe, "Huna karatasi ya korona, basi hukuumwa." Aulizwe aliumwa lini, aliumwa vipi, na nini kimebadilika tokea hapo.

2. Virusi vinaudhuru vipi ubongo?

Wataalamu wametaja njia kadhaa, na huenda kwa mgonjwa mmoja zikakutana zaidi ya moja.

Ya kwanza ni uvimbe wa ndani. Kinga ya mwili inapopambana na virusi hutoa kemikali nyingi, na chembe za ulinzi zilizomo ndani ya ubongo huamka. Zikiendelea kuwa macho baada ya adui kuondoka, hudhuru kile zilichowekwa kukilinda.

Ya pili ni kuvuja kwa ukuta baina ya damu na ubongo. Ukuta huu huzuia vitu vyenye madhara visipite. Utafiti uliofanywa Dublin, Ireland, na kutangazwa mwaka 2024, uliona dalili za kuvuja huko kwa wagonjwa wa korona ya muda mrefu wanaolalamikia ukungu wa akili.

Ya tatu ni damu kuganda katika mishipa midogo, na ya nne ni upungufu wa oksijeni kwa aliyeugua sana. Ama kupotea kwa harufu, chanzo chake kikubwa ni kudhurika kwa chembe zinazozitegemeza neva za kunusia puani.

3. Tafiti zimeonyesha nini?

Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kilitangaza mwaka 2022 utafiti wa watu 785 wenye umri wa miaka 51 hadi 81. Wote walipigwa picha za ubongo mara mbili. Baina ya picha hizo, 401 kati yao walipata korona. Walioambukizwa walionekana kupungua zaidi baadhi ya sehemu za ubongo zinazohusiana na kunusa na kumbukumbu, na walikuwa wazito zaidi katika majaribio ya akili. Upungufu huo ulikuwa mdogo, baina ya asilimia 0.2 na 2, lakini ulionekana ijapokuwa wengi wao hawakulazwa hospitali.

Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Oxford uliangalia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.2, wengi wao wa Marekani, ukiwalinganisha na waliougua maradhi mengine ya njia ya hewa. Ziada ya huzuni na wasiwasi iliondoka baada ya miezi michache. Ziada ya ukungu wa akili, kifafa na, kwa wazee, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ilikuwa bado ipo baada ya miaka miwili.

Mwaka 2024 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilitangaza matokeo ya watu wapatao 113,000 wa England waliofanya majaribio ya akili kwa njia ya mtandao. Waliougua wakapona walipungukiwa na kiasi kinacholingana na alama 3 za kipimo cha akili. Ambao dalili zao hazikuisha, alama 6. Na waliolazwa vyumba vya wagonjwa mahututi, alama 9. Na ndani yake imo bishara: ambao dalili zao ndefu hatimaye ziliisha, walikuwa karibu sawa na waliopona mapema.

4. Si udhaifu wa imani, na si kila jambo ni jini

Sisi Ahlus-Sunnah tunaamini kuwa majini wapo, na kuwa husda na uchawi vina athari kwa idhini ya Allaah. Lakini kuamini hivyo hakutupi ruhusa ya kulitupia jini kila jambo tusilolielewa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha, katika Hadithi iliyomo kwa Al-Bukhaariy, kuwa Allaah Hakuteremsha maradhi ila Ameyateremshia ponyo, na yeye mwenyewe alitumia dawa na akaamrisha kutumia dawa.

Ruqya ya Qur-aan na dua zilizothibiti ni jambo jema kwa kila mgonjwa, naye hahitaji kwanza kutangazwa kuwa ana shetani. Anaweza kujisomea mwenyewe kitandani kwake na asubuhi akaenda hospitali. Lisilofaa ni kumpeleka kwa waganga wa kupunga na kupiga ramli, au kumsimamishia dawa za daktari kwa madai kuwa "zinapingana na kisomo". Hilo ni kumdhuru, na dhara haijuzu.

Wala mgonjwa asijidhanie kuwa Allaah Amemwacha. Imethibiti katika Hadithi kuwa Muislamu hapatwi na tabu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allaah Humfutia kwayo madhambi.

5. Hukumu za Swala

Mwenye ukungu wa akili ana akili yake. Kalamu haikuondoshwa kwake kama ilivyoondoshwa kwa mwendawazimu, kwa hiyo Swala ni wajibu juu yake. Ila sheria imemwekea wepesi mkubwa:

Akitia shaka ndani ya Swala kama ameswali rakaa tatu au nne, ashike iliyo chache, kwani ndiyo yakini, akamilishe, kisha asujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Ndivyo ilivyo katika Hadithi ya Abu Sa'iid Al-Khudriy iliyopokewa na Muslim.

Shaka ya idadi ya rakaa ikimjia baada ya kutoa salamu, haimdhuru, na wala harejei Swala yake.

Akiwa hana hakika kama ameswali kabisa au hajaswali, asili ni kuwa hajaswali, basi aswali. Ili asiteseke, aweke alama katika daftari au simu kila amalizapo fardhi.

Akisahau Swala mpaka wakati ukatoka, aiswali pale anapokumbuka, na hana dhambi.

Ashikamane na jamaa. Akiwa nyuma ya imamu anafuata, na sahau yake huchukuliwa na imamu madhali hakuacha nguzo. Kwa mgonjwa huyu, msikiti ni raha ya mwili pia. Asiyeweza kutoka, aswali jamaa na mkewe au wanawe.

Ambaye shaka imemzidi hata haimwachi katika kila Swala, wapo wanavyuoni waliosema asiijali, aendelee na dhana yake iliyo kubwa, ili mlango wa wasiwasi usifunguke.

Asiyeweza kusimama kwa uchovu unaomdhuru, aswali kwa kukaa. Akishindwa, kwa kulala ubavu. Hadithi ya 'Imraan bin Huswayn iko wazi katika hili.

Ama kukusanya Swala mbili kwa sababu ya maradhi, wanavyuoni wamekhitalifiana. Mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shaafi'iy ni kutofaa, lakini Imaam An-Nawawiy, naye ni nguzo katika madhehebu haya, ameiona kauli ya kufaa kuwa ina nguvu, na ndiyo kauli ya madhehebu ya Imaam Ahmad. Mwenye dhiki ya kweli akiifuata hapana ubaya, bila ya kuifanya mazoea siku anapokuwa na nguvu.

6. Funga

Aliyekula au kunywa kwa kusahau mchana wa Ramadhaan, funga yake ni sahihi na aikamilishe. Akiambiwa na tabibu muaminifu kuwa kufunga kutayazidisha maradhi yake, au akalijua hilo kwa uzoefu wake, afungue na alipe anapopata nafuu. Fidia ya kibaba kwa kila siku ni ya asiyetarajiwa kupona, na tusikimbilie kumhukumu mtu hivyo, kwani wengi katika wagonjwa hawa hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda.

7. Aliyeanza kusahau Qur-aan

Hili huwaumiza zaidi mahafidhi na walimu. Lawama ya kusahau Qur-aan ni kwa aliyeipuuza na kuipa mgongo, si kwa aliyenyang'anywa kumbukumbu na maradhi. Imepokewa kutoka kwa Mama 'Aaishah (Radhiya Allaahu 'anhaa) kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimsikia mtu akisoma usiku msikitini, akamwombea rehma kwa kuwa amemkumbusha aya aliyokuwa ameisahau. Basi mwalimu asione haya kushika msahafu mbele ya wanafunzi wake. Arejee kidogo kidogo, nusu ukurasa kwa siku, na asikilizwe na mwenzake.

8. Madeni, amana na talaka

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-aan, ya 282 katika Suuratul-Baqarah, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi, na ndani yake umetajwa uwezekano wa shahidi kusahau na kukumbushwa na mwenzake. Tazama vipi Mola wetu Ametuwekea tiba ya usahaulifu kabla hatujaugua! Mwenye hali hii aandike kila anachokopa, anachokopesha na anachowekewa. Amana ya watu asiitunze peke yake.

Ama talaka: aliyeitamka hali anajua anachosema, haibatiliki kwa kuwa kesho yake haikumbuki. Na aliyezidiwa na homa akawa anaweweseka, hajui anachosema, maneno yake hayahesabiwi. Mambo haya yasihukumiwe barazani wala kwa simu. Yapelekwe kwa Kadhi awasikilize wote wawili.

9. Matibabu na wajibu wa jamaa

Mpaka sasa hakuna dawa moja iliyothibiti kuuondoa ukungu huu. Lakini yapo ya kufanya. Mgonjwa apimwe kwanza maradhi mengine yanayofanana nao na yenye dawa: upungufu wa damu, sukari, presha, tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, na huzuni kubwa. Kisha agawe nguvu zake: kazi nzito asubuhi, mapumziko baina ya kazi na kazi, na asijilazimishe siku anapojisikia vizuri, kwani wengi huanguka siku ya pili yake.

Na hili likumbukwe na kila nyumba: mdomo kwenda upande ghafla, mkono au mguu mmoja kufa ganzi, au ulimi kuwa mzito kwa mara moja, hiyo huenda ni kiharusi. Hapo hapangojwi kisomo wala maji ya zamzam. Mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, na dua zisomwe njiani.

Nanyi mlio pamoja naye, mkumbusheni kwa upole. Asiambiwe "nimekwambia mara ngapi?" Mke akumbushe wakati wa dawa, kijana ahesabu fedha za duka pamoja na baba yake, mwenye kumdai ampe muhula. Kumkumbusha aliyesahau ni kumsaidia katika wema na uchaMungu, na anayeondoa dhiki ya Muislamu duniani, Allaah Atamwondolea dhiki ya Siku ya Qiyaamah.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Awaponye wagonjwa wetu ponyo isiyoacha maradhi, Awarudishie kumbukumbu zao, na Asitushike kwa tuliyosahau wala tuliyokosea. Aamiyn.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.