Alishuka Mikindani akiwa amekwisha onja visubi

Machi 2026 ni miaka 160 tangu David Livingstone ashuke Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, baghala na punda. Kibao cha kumkumbuka kipo, na watalii hukipiga picha. Wanyama wale walikuja kwa ajili ya mdudu: Livingstone alitaka kuona kama mbung'o wangewaua.

Kisa chake kitamu zaidi cha wadudu, hata hivyo, kilitangulia. Mwaka 1861 alijaribu kupanda Ruvuma kwa meli ya Pioneer, akitumaini mto unatoka Ziwa Nyasa. (Unatoka milima ya Matogoro, karibu na Songea.) Maji yakapungua, akageuza, akapitia Zambezi na Shire mpaka akalifikia ziwa. Huko aliona mawingu yaliyofanana na moshi wa nyika inayoungua. Kumbe ni visubi, wengi kiasi kwamba mtu akipita katikati yao hufumba macho na mdomo.

Usiku wenyeji waliwakusanya, wakawachemsha na kuwafinyanga kuwa mikate, mboga ya kulia chakula. Waliiita kungu. Livingstone alipewa mmoja: mweusi, unene wa inchi moja, upana wa kofia ya mkulima wa Uskoti. Akaula. Katika kitabu kilichotoka 1865 alifananisha ladha yake na mayai ya samaki wanayojivunia matajiri wa Ulaya, au nzige waliotiwa chumvi. Kwa hiyo nzige alikuwa anawajua! Mwana wa misheni, Biblia mkononi, hakuona cha kutapisha; na Yohana Mbatizaji naye alikula nzige.

Kinyaa cha kula wadudu basi kilitoka wapi? Pwani yetu ina jibu lake, nalo ni la sheria. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, nzige ni halali, wadudu wengine hapana. Mtu akiniambia dini haimruhusu kumbikumbi, nanyamaza. Lakini wapo wanaosema ni chakula cha washamba, huku wanamenya kamba mwenye ndevu na miguu kumi. Mtu wa bara asiyeizoea bahari akimwona pweza sokoni hukunja uso vilevile.

Mvua za kwanza zikipiga, jioni kumbikumbi huzonga taa. Beseni la maji likiwekwa chini yake hujaa upesi. Asubuhi wanaanikwa, mabawa yanapepetwa kwenye ungo, kisha wanakaangwa bila mafuta, maana wanayo ya kwao, na chumvi kidogo. Harufu yake inakaribia karanga. Akibisha mgeni, ungo unasogezwa nyuma ya mlango. Aibu hiyo ndiyo inayoniudhi. Senene wa Bukoba hupandishwa mabasi mpaka Dar es Salaam, na Mhaya akipokea furushi lake hajifichi.

Huko Ulaya mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1885 Mwingereza Vincent Holt aliandika kijitabu akiuliza kwa nini tusile wadudu, wenzake hawakumsikiliza. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, lilihesabu zaidi ya aina 1,900 za wadudu wanaoliwa duniani. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ukaruhusu nzige wauzwe kama chakula, wakiwa wamegandishwa, wamekaushwa au wamesagwa unga, miaka 160 baada ya Livingstone kupewa mkate wake bure.