Malenga wa Mfuko wa Barua

Katika mijadala yetu ya ushairi huzuka kila mara swali lile lile: je, shairi hukua kwa uzito wa maneno yake? Wapo watungaji, na baadhi yao niliwafunza mimi mwenyewe, wanaoamini kwamba ubeti usiomlazimisha msomaji kufungua kamusi haujaiva. Kwao naleta habari za Mmarekani mmoja, John Prine. Huku kwetu muziki wa kantri ulitufikia zaidi kwa sauti ya Jim Reeves redioni. Prine hatajwi sana, nami naona tumepungukiwa.

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 katika mji wa Maywood, nje kidogo ya Chicago, kwa wazazi wenye asili ya Kentucky. Aliitwa jeshini, akapelekwa Ujerumani Magharibi kuwa fundi wa magari, wakati vijana wenzake wakipelekwa Vietnam. Aliporudi alishika kazi ya kusambaza barua za posta, na nyimbo zake nyingi za mwanzo alizitunga akitembea njia ileile kila siku, mfuko begani. (Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha. Mshahara wa serikali umelea washairi wengi kuliko tunavyokiri.)

Mwaka 1969 alipanda jukwaa la klabu ndogo ya Chicago kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Roger Ebert, mhakiki wa filamu, alimwandikia makala ya sifa gazetini, na mwaka 1971 albamu yake ya kwanza ikatoka.

Hapo ndipo napenda kukaa. Kijana wa miaka ishirini na kidogo alitunga wimbo wa wazee wapweke ambao watoto wao wametawanyika. Kiini chake kilikuwa nyumba ya kulea wazee aliyokuwa akipeleka magazeti utotoni. Akatunga mwingine kuhusu askari arudiye vitani na nishani, pamoja na uraibu unaoimaliza familia yake. Hamlaani mtu, wala hahubiri. Anataja vitu vya nyumbani, kisha ananyamaza. Maneno yake mtoto wa darasa la nne angeyaelewa. Uchungu wake ni wa mtu mzima.

Wimbo wa tatu aliutunga kwa ajili ya baba yake. Unahusu Paradise, kijiji cha Kentucky kando ya Mto Green, katika eneo lililochimbuliwa kwa ajili ya makaa ya mawe hadi kijiji chenyewe kikatoweka. Prine alimpelekea baba mkanda wa kurekodia ausikilize. Wimbo ulipoanza, mzee aliinuka akaenda kukaa gizani chumba cha pili. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba alitaka kujifanya anausikia ukitoka kwenye mashine ya muziki ya baa. Alifariki mwaka huohuo wa 1971.

Kampuni kubwa hazikumfaa Prine, hivyo katika miaka ya 1980 akaanza kutoa kazi zake kupitia kampuni yake na wenzake, Oh Boy Records. Mwaka 1998 saratani ya shingo ilimletea upasuaji uliobadili sauti yake, ikawa nzito na yenye mikwaruzo. Aliendelea kuimba, na wapo wanaoipenda zaidi sauti ile ya pili. Mimi ni mmojawao.

Mwaka 2005 alialikwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani kuimba na kuzungumza na Ted Kooser, aliyekuwa mshairi mkuu wa taifa. Kwa jadi yetu, ambamo tenzi na mashairi huimbwa tangu enzi za mababu, mwaliko huo haushangazi. Kwa Wamarekani, waliozoea kumweka mshairi kitabuni na mwimbaji jukwaani, lilikuwa jambo la kutajwa.

Alifariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020 kwa maradhi ya Uviko-19, akiwa na miaka 73. Mwezi Juni mwaka huo jimbo la Illinois, alikokuwa amegawa barua mlango kwa mlango, likamtangaza kuwa malenga wake wa heshima, wa kwanza kupewa cheo hicho.