Wendell Scott na Kombe la Jacksonville

Ndugu msomaji, karatasi hii ina maneno ya somo letu la historia kama yalivyosomwa redioni. Ikiwa uliyasikia, yasome sasa polepole, ukifuata mstari kwa kidole kama upendavyo. Ikiwa hukuyasikia, hukupotewa na kitu, maana yote yamo humu.

Leo twaenda Marekani, katika mashindano ya motokaa. Usidhani motokaa hizo tangu asili zilitengenezwa kwa mashindano tu. Watu walianza kushindana kwa motokaa za namna ile ile zilizouzwa dukani kwa kila mwenye fedha, ila mafundi walizifungua injini na kuzitia nguvu zaidi. Njia ya mashindano ni ya mviringo. Madereva huzunguka mara 100, mara 200, hata zaidi, na yule atimizaye kwanza hesabu ya mizunguko ndiye mshindi. Chama kikubwa cha mchezo huu ni NASCAR, kilichoanzishwa mwaka 1948 chini ya uongozi wa Bill France. Mizizi ya mchezo ilikuwa katika majimbo ya kusini, na mizizi hiyo ilinyweshwa pombe, kama utakavyoona.

Wendell Scott alizaliwa mwaka 1921 mjini Danville, katika jimbo la Virginia. Alikuwa mtu mweusi. Siku zile sheria za kusini ziliwatenga watu weusi na Wazungu katika shule, katika mabasi, katika hoteli, hata katika vyoo. Baba yake alikuwa hodari wa motokaa, na mtoto akajifunza kwake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Scott alikuwa askari huko Ulaya, kazi yake ufundi wa motokaa. Aliporudi kwao aliendesha teksi na kufungua karakana. Alikuwa na mke na watoto, nao walikuja kufika 7. Kwa hiyo usiku alifanya kazi nyingine, kuchukua pombe kali iliyopikwa kwa siri, ndugu yake gongo, na kuipeleka kwa wauzaji.

Kazi hiyo ilitaka motokaa ionekanayo kama motokaa ya kila mtu, lakini iwezayo kuwaacha polisi nyuma. Wengi wa madereva wa kwanza wa mashindano, Wazungu kwa weusi, walijifunza mwendo wao huko. Mimi siisifu biashara hiyo, lakini historia haiwezi kuifichaficha. Mwaka 1949 Scott alikamatwa, akawekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miaka 3.

Mwaka 1952 wenye kiwanja cha mashindano cha Danville waliona watazamaji wanapungua. Wakafikiri, tukimtia dereva mweusi, watu watakuja kutazama kioja. Basi wakawauliza polisi, ni nani katika watu weusi wa mji huu aendeshaye kwa kasi kupita wote? Polisi hawakuhitaji kufikiri sana. Walikuwa wamekwisha kumfukuza Wendell Scott mara nyingi.

Scott akaingia uwanjani tarehe 23 Mei, 1952. Watazamaji wengine walimzomea. Yeye aliupenda mchezo siku ile ile, akaenda kujiandikisha katika mashindano ya NASCAR huko North Carolina. Wakamkataa kwa sababu ya rangi yake. Mahali pengine wakamwambia amtafute kijana Mzungu aliendeshe gari lake. Akarudi kwenye mashindano madogo ya nje ya chama hicho, na huko, siku chache tu baada ya kuanza, akashinda. Hata siku moja akaonana na msimamizi wa NASCAR mjini Richmond. Msimamizi akamwonya kwamba atagongwagongwa na wenzake; Scott akajibu kwamba ataweza kuvumilia. Akaandikiwa leseni.

Mwaka 1954 kulikuwa na jambo ambalo nataka ulitie moyoni, maana litatufaa mbele. Mwenye mashindano mjini Raleigh aliwapa madereva Wazungu fedha za petroli ya safari, Scott hakumpa kitu. Scott akamwendea Bill France mwenyewe na kumweleza. France akatoa fedha mfukoni mwake papo hapo, akamhakikishia kwamba NASCAR haitambagua kamwe.

Mwaka 1959 Scott akawa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja la pili la mashindano. Mwaka 1961, naye ana umri wa miaka 39, akaingia daraja la juu kabisa. Huko viwanda vya motokaa viliwapa madereva mashuhuri injini, mafundi na mipira mipya. Scott alijitengenezea gari mwenyewe, akisaidiwa na wanawe, kwa spea zilizokwisha kutumika. Si Wazungu wote waliomchukia. Ned Jarrett, aliyekuwa bingwa wa Marekani mwaka 1961, alimwuzia Chevrolet, nayo ndiyo aliyokwenda nayo Jacksonville.

Tarehe ilikuwa 1 Desemba, 1963. Jacksonville ni mji wa jimbo la Florida, na njia ya pale ilikuwa ya udongo, nusu maili kwa mzunguko mmoja. Mashindano yalikuwa mizunguko 200. Fanya hesabu, utapata maili 100. Ilipobaki mizunguko 25, Scott akampita Richard Petty, naye Petty si mtu mdogo, baadaye alichukua ubingwa mara 7. Scott akatimiza hesabu yake, lakini bendera ya mshindi haikupepea. Akaendelea kuzunguka. Mwisho bendera ikapepewa Buck Baker, Mzungu, akaitwa mshindi, akapewa kombe mbele ya watu.

Siku zile mizunguko ilihesabiwa na watu kwa kalamu na karatasi, kwa hiyo makosa yaliweza kutokea. Scott akadai hesabu itazamwe upya. Baada ya saa kadhaa wasimamizi wakakiri kwamba yeye ndiye aliyeshinda, tena alimtangulia Baker kwa mizunguko 2. Wakati huo watazamaji walikuwa wamekwenda zao. Fedha za ushindi Scott alipewa. Kombe hakupewa. Yeye alisema kwamba watu wote pale walijua nani kashinda, lakini wakubwa hawakutaka mtu mweusi asimame mbele ya umati na kupewa busu na msichana wa Kizungu, kama ilivyokuwa desturi. Mimi pia naona vigumu kuamini kwamba mizunguko 2 ilipotea kwa bahati mbaya. Sasa kumbuka ahadi ya Bill France.

Scott hakuacha. Mwaka 1966 alikuwa wa 6 katika hesabu ya mwaka mzima kwa Marekani yote. Mwaka 1973 alikopa fedha akanunua gari zuri zaidi, aina ya Mercury. Mwezi wa Mei, katika kiwanja cha Talladega, magari mengi yaligongana. Gari lake likaharibika kabisa, naye akavunjika mifupa. Alijaribu tena mwishoni mwa mwaka ule ule, kisha akaacha. Alikuwa ameshindana mara 495 katika daraja la juu. Mara 147 alikuwa katika 10 wa kwanza, yaani karibu mara 3 katika kila 10. Chukua penseli uhakikishe.

Alifariki Danville mwaka 1990. Mwaka 2015 NASCAR ilimwingiza katika jumba lake la mashujaa. Na kombe? Mwezi wa Agosti, mwaka 2021, huko Daytona, NASCAR ilitoa kombe la ushindi wa Jacksonville na kuwakabidhi watoto wake. Majuma machache baadaye, tarehe 4 Oktoba, Bubba Wallace alishinda pale pale Talladega, mashindano yakiwa yamekatizwa na mvua. Alikuwa mtu mweusi wa pili kushinda katika daraja lile. Toa 1963 katika 2021, uandike jibu chini ya karatasi hii.